Mchanga Usio na Vumbi

Nikiwaambia wajukuu wangu kwamba palikuwa na mwanamke hapa Msambweni ambaye kazi yake ilikuwa kupepeta mchanga wa pwani, hunicheka. Mchanga unapepetwa, bibi, kwani ni mchele? Nami huwaambia ndiyo, unapepetwa, ungo ni ule ule, ila mkono uliozoea mchele hauuwezi mchanga. Wakishamaliza kucheka nawaeleza yaliyobaki, na aghalabu hawacheki tena. Sipendi kuyaeleza. Lakini nachukia zaidi nife nayo.

Nililetwa hapa biarusi kutoka Gazi miaka ile ya hamsini, wakati wa Mwingereza, na nyumba ya mwanamke huyo ilipakana na ya mume wangu. Watu wakimtaja walisema Mpepeta Mchanga, basi. Mimi nilimwita Mama. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni akasema, "Wewe mtoto wa matope, huku kwetu tunatembea juu ya mchanga. Jifunze kuinua miguu." Gazi ni mahali pa mikoko na tope, sikatai, lakini hayo si maneno ya kumpokelea biarusi. Nilinuna siku kadhaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba asiyechokozwa na mama yule ndiye aliyekuwa hapendwi.

Zama zile mchanga mweupe ulikuwa na kazi nyingi. Ulimwagwa uani pakiwa na maulidi, ukatandazwa makaburini, ukatiwa barazani wageni wakikaribia. Hizo zote alizifanya, lakini hizo angeweza kuzifanya mtu yeyote mwenye pakacha na mgongo mzima. Kazi iliyompa jina ilikuwa mchanga wa kutayamamu. Mgonjwa aliyekatazwa maji hawezi kutawadha, na sala haimwondokei maadamu akili anayo. Basi hupiga viganja vyake juu ya udongo au mchanga safi, akapangusa uso, akapiga tena, akapangusa mikono, akasali. Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo ilimtuma mtu kwa jirani yangu. Hospitali haikuwa mbali, kwa hiyo wagonjwa hawakukosekana. Alikuwa hauuzi mchanga wake. Ukimletea nazi alipokea, usipomletea hakukukumbusha.

Aliuchota asubuhi, juu kabisa yasikofika maji, mbali na njia ya mbuzi. Alipofika nyumbani aliuchekecha kuondoa makombe na vijiti, kisha akauosha kwa maji ya mvua. Maji ya kisima hakuyataka, kwa sababu kisima chetu kina ladha ya chumvi na adui yake mkubwa alikuwa hiyo hiyo chumvi. Aliosha, akamwaga, akaosha, akatia punje chache ulimini. Akiionja bahari, anaosha tena. Ukishakauka juani ndipo ulipoingia kwenye ungo, na hapo mimi nilikuwa naacha kazi zangu nikaenda kutazama. Aliugongagonga ungo polepole kwa ubavu wa mkono, na zile punje nyeusi zilizojificha ndani ya nyeupe zikaanza kujitenga zenyewe, zikakusanyika upande mmoja kwa uzito wake, akazifagia kwa unyoya wa kuku. Mwisho aliupepeta mpaka vumbi lote likaenda zake na upepo.

"Tia mkono," alikuwa akiniambia. "Haya, toa. Umeshikwa na kitu?"

"Sikushikwa na kitu, Mama."

"Basi huo ndio mchanga. Wa kwenu mngeupaka ukutani."

Mwanamke msafi namna hiyo, na alikuwa mla tambuu asiyesemeka, meno mekundu, akitema kutoka barazani kwake mate yanapita ua wangu. Ndani ya nyumba yake hakutaka kuona hata chembe ya mchanga. Ukiingia na miguu ya ufuoni alikurudisha nje ukajikung'ute. Bahari yenyewe hakuipenda. Alikwenda ufuoni kila siku ya Mungu na sikupata kumwona akitia mguu majini. Nilipomuuliza alinijibu, "Sina nilichokiweka huko." Wazima aliwasema, wagonjwa aliwabembeleza, mpaka mume wangu akawa anasema ukitaka mama yule akuambie neno zuri, jitie homa.

Na wala hakuwa mjuzi wa kila kitu, msije mkamfanya walii. Zile punje nyeusi aliamini kwa moyo wake wote kwamba ni masizi ya meli. Meli za Mombasa zinatoa moshi, moshi unaanguka baharini, bahari inautapika ufuoni. Nilimwambia kwetu Gazi mto Mkurumuji ukifurika wakati wa masika huteremsha mchanga mweusi kutoka bara, na mtoni hakujapita meli. Alinijibu kwamba watu wa matope hawaulizwi habari za mchanga. Tulibishana juu ya jambo hilo miaka, na wallahi nilikuwa nayafurahia mabishano yale.

Maswali ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Alimuuliza daktari, akamuuliza imamu, akamuuliza mchuuzi samaki huyu alivuliwa upande gani. Watu wakichoka alisema, "Kuuliza si ujinga," kisha akauliza lingine. Nimelichukia neno hilo tangu zamani zile. Nikilisikia kwa mtoto wa shule hunyamaza tu, maana yeye hana kosa.

Sababu ya ungo ule ilikuwa imelala chumba cha ndani. Alikuwa na binti mmoja tu, rika langu, aliyeolewa Ukunda akarudishwa kwa mama yake alipoanza kuugua. Mumewe akamfuatishia talaka. Simsemi zaidi, ameshakufa. Ulikuwa ugonjwa wa ngozi. Daktari alilitaja jina lake, nasi jina halikutusaidia. Ngozi ilikauka ikapasuka, mikono, miguu, mgongo, na maji yakimgusa alilia kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Daktari akasema maji yasimguse mpaka apone.

Mwanzo Mama alimletea udongo mwekundu wa mashambani, kama walivyofanya watu wote. Vumbi lake likaingia kwenye nyufa za viganja, nyufa zikavimba, zikatunga usaha. Akaacha udongo, akaleta mchanga wa pwani. Chumvi ikamchoma. Ndipo alipoanza kuuosha mchanga. Alipoona vumbi limo bado, akaanza kuupepeta. Alipoona punje nyeusi zina makali na zinashika joto la jua, akajifunza kuzitoa. Hivyo ndivyo alivyoufikia ule mchanga usioacha kitu mkononi, na kila hatua ya kazi ile ilitokana na kilio cha mwanawe. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Binti mwenyewe hakuwa mnyonge, ulimi alirithi. Mama akimletea sinia ya mchanga uliotoka juani, ukiwa na uvuguvugu, alimuuliza, "Leo umeuosha au umeupika?"

"Nimeupika, na tui nimetia," Mama humjibu. "Tayamamu kabla haujapoa."

Alisali sala zote tano, kwanza ameketi, kisha amelala, mwishoni kwa macho tu. Siku moja nilikuwa namchana nywele, maana kichwa ndicho kilichokuwa kimesalimika, akaniambia, "Unajua, dada, sala ndicho kitu pekee ninachokifanya mwenyewe kama watu wazima. Mengine yote nafanyiwa." Nikaendelea kumchana.

Alikufa mchana, akiwa ametoka kusali adhuhuri. Mama hakupiga kelele. Alimfunika uso akasema, "Alhamdulillahi. Hakuacha hata moja." Tulipomaliza kuzika, wanawake walipokuja kuhani, alimwambia kila mmoja neno hilo hilo, hakuacha hata moja, na kila alipolisema mgongo wake ulinyooka. Nimeona watu wakifiwa. Mmoja hushika kanzu ya marehemu, mwingine hushika picha. Yeye alishika sala za mwanawe. Siku chache tu baada ya arobaini nikamsikia anaugonga ungo, anawatengenezea wagonjwa wa watu wengine.

Ikawa hivyo muda mrefu, mpaka alipokuja Mzungu wa serikali wa kutafuta madini. Tulikuwa tumesikia habari zao, kwamba wako Mrima wanachimbachimba kile kilima, wakaja wakashuka pwani na vijifuko vya nguo wakitia mchanga, hapa kidogo, pale kidogo. Huyu wetu alikuwa na mkalimani, kijana wa Kwale, mwenye adabu. Walipita nyuma ya nyumba wakamkuta Mama uani na ungo wake, na mimi nimekaa karibu nakuna nazi. Mzungu alisimama. Kisha akaketi chini kabisa, na suruali yake nyeupe, akatazama.

"Shikamoo, mama," mkalimani alisema. "Bwana anauliza ni nani aliyekufundisha kuutenga mweusi na mweupe namna hiyo."

"Marahaba. Mwambie ni mwanangu."

Mzungu alitoa mfukoni kipande cha chuma kilichofungwa karatasi, akakisogeza kwenye kifungu cha mchanga mweusi. Punje zikaruka zikaking'ang'ania kile chuma, zikasimama juu yake kama nywele. Mama alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Akanigeukia mimi. "Meli ni za chuma. Si nilikuambia?"

"Bwana anasema si meli," mkalimani alisema, naye anacheka. "Ni mawe ya milima ya bara. Yanasagika, mvua inayakokota mtoni, mto unayaleta baharini. Mengine yana chuma ndani, mengine yana madini mengine, ndiyo anayoyatafuta."

Sasa ilikuwa zamu yangu ya kucheka, na nilicheka bila huruma. Tulikuwa na furaha sote wanne. Naikumbuka saa ile na moyo unaniuma, kwa sababu hapakuwa na mtu mbaya pale, wala neno baya, na ndiyo saa mambo yalipoharibika.

Mzungu akatoa kioo cha kukuzia, akachukua chembe za mchanga mweupe, akampa Mama atazame. Mama akafumba jicho moja. Alitazama kitambo.

"Naona vijikombe," alisema. "Naona miiba."

"Bwana anasema ndivyo. Huu mweupe si mawe. Zimo punje chache za jiwe, hizo zinazong'aa. Uliobaki ni makombe na matumbawe na wadudu wadogo wa baharini, wamekufa wakasagika. Huko Diani uko mweupe zaidi ya huu."

Mama aliondoa jicho kwenye kioo. "Kwa hiyo si udongo?"

Mkalimani akamuuliza Mzungu, akarudi. "Si udongo, mama."

"Hata kidogo?"

"Udongo ungekuwamo kwenye lile vumbi, anasema. Nawe umeliondoa lote. Anakusifu, anasema hajaona mchanga uliosafishwa hivi kwa mkono."

Walishukuru wakaenda zao, na sikusikia tena walichokipata. Mama alibaki ameushika ungo. Nilimwambia vitu vya baharini ni twahara hata vikifa, kila mtu anajua, asijitie wasiwasi wa bure.

"Sikusema ni najisi," alinijibu. "Nimeuliza kama ni udongo. Tayamamu ni ya udongo."

Tangu siku ile swali lilimkaa kooni. Kwenye Ramadhani iliyofuata akaja maalimu mgeni, mtu mpole, sauti ndogo, akawa anawasomesha wanawake uani mwa chuo cha Kurani baada ya alasiri. Tulikwenda pamoja. Njiani Mama aliniambia ataliuliza jambo lake, nami nikamwomba aliache. Akasema mnajua alivyosema.

Darasa lilipokwisha alinyanyuka, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. "Maalimu, mimi nina suala. Mgonjwa akitayamamu kwa mchanga wa pwani, inasihi au ni batili?"

"Inategemea mchanga, mama. Ni safi?"

"Safi." Na hapo, kwa mazoea, kwa fahari ya miaka yote ile, uso wake ulichangamka. "Nimeuosha kwa maji ya mvua. Nimeutoa chumvi na weusi."

"Na ukiupiga kwa viganja, unatoa vumbi?"

"Hata chembe, maalimu. Ukitia mkono ukautoa, hushikwi na kitu."

Maalimu aliinamisha macho. Nilimwona, na nikajua. Laiti ningeweza kumziba mdomo ningemziba.

"Kwetu sisi Mashafii, mama, vumbi ni sharti. Lile vumbi ndilo linalopanguswa usoni. Mchanga wenye vumbi unafaa. Usio na vumbi, hata uwe safi vipi, tayamamu yake haisihi." Akainua macho. "Ni nani aliyeutumia?"

"Hakuna," Mama alisema. "Nimeuliza tu. Kuuliza si ujinga."

Akaketi. Wanawake wote waliokuwapo walijua ni nani aliyeutumia, na nusu yao walikuwa na marehemu waliosali kwa mchanga wa mkono ule. Hakuna aliyemtupia neno. Mmoja aliyekaa nyuma yake alimshika bega asiliachie mpaka tukatoka. Njia nzima nilikuwa nalia waziwazi barabarani bila ya kujali watu.

Sina ugomvi na maalimu yule. Aliulizwa akajibu, mwanachuoni akiulizwa angefanyaje? Na alipoambiwa habari kamili, kesho yake alikuja mwenyewe, akaketi barazani kwa Mama, akakataa hata maji ya kunawa mikono kwa haya aliyokuwa nayo. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

"Mama, mgonjwa hakujua. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Na yako madhehebu yanayokubali mchanga mtupu, hata jiwe. Wanazuoni wamekhitilafiana. Usiifunge rehema ya Mola wako."

"Mwanangu alikuwa Mshafii, akafa Mshafii," Mama alisema. "Nimhamishe madhehebu kaburini?"

"Hakujua, mama."

"Yeye hakujua. Nimekubali. Mimi je? Mungu alilitia vumbi ndani ya mchanga, mimi nikakaa nalitoa. Siku baada ya siku, maalimu. Nikijisifu."

"Ulimhurumia."

"Nilimhurumia. Nimsalie mimi? Nizisali zote tena, kwa niaba yake?"

"Sala hailipwi na mtu mwingine. Mwombee dua. Mtolee sadaka."

"Basi sala zake ziko wapi?"

Maalimu alikaa hata macho yake yakawa mekundu, kisha akasoma Fatiha, akaaga. Aliendelea kumwombea, najua, maana miaka baadaye alipita tena huku akaniuliza habari zake kabla ya habari yoyote nyingine.

Baada ya hapo jirani yangu aliuangika ungo. Watu wakimletea habari ya mgonjwa aliwaambia wakachimbe udongo mashambani, wenye vumbi, akawaeleza namna ya kuupata ulio safi, akarudi ndani. Tambuu aliacha. Hakuniita tena mtoto wa matope, nami nilikuwa natafuta makosa makusudi ili anitukane. Niliikanyaga sakafu yake na miguu yenye mchanga, alinitazama tu. Siku ile niliingia kwangu nikalia kuliko nilivyomlilia binti yake. Binti alikufa mara moja, na mama yake nilikuwa nikimwona akifa kila asubuhi.

Pale alipokuwa bado na nguvu alikwenda kuuliza kwingine. Alikwenda Gazi kwa imamu wetu, akaenda Ukunda, akapanda basi mpaka kwenye feri akavuka Mombasa kumtafuta shehe mmoja aliyesifiwa. Nilimsindikiza Mombasa. Shehe alikuwa mzee sana, alimsikiliza vizuri, akamwambia yale yale ya rehema. Tuliporudi, feri imejaa watu na makapu, aliniambia, "Wote wananipa rehema. Sikukataa, naipokea. Lakini mimi natafuta mtu mmoja wa kuniambia zilisihi."

"Ningekuwa mwanachuoni ningekuambia mimi," nilimwambia.

"Ndiyo maana hukuwa," alinijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ile akatabasamu kidogo.

Ugonjwa wake wa mwisho ulimwanzia miguuni, kabla Uhuru haujasikika vizuri huku kwetu. Miguu ilivimba, ngozi ikapasuka, ikapanda mpaka magotini, kisha mikono nayo ikavimba. Daktari akakataza maji. Mtu mwingine hakuwapo wa kumwuguza, nami wala nisingempa mtu mwingine nafasi hiyo. Nilijua wajibu wangu. Nilikwenda shambani kwetu, nikachimba udongo mwekundu chini ya ule wa juu unaokanyagwa, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa, nikautia kwenye sinia nikamwekea kando ya kitanda. Ilikuwa imeadhiniwa adhuhuri.

Aliutazama. "Huu ni nini?"

"Udongo, Mama. Wa shamba letu. Una vumbi la kutosha."

"Utakuuma mgongo bure kuchimba." Akauvuta, akatayamamu, akasali. Nikafurahi, nikadhani tumeshinda. Alipotoa salamu aliniita nikae.

"Kwa alasiri niletee ule mweupe."

"Mama, hukumu yake unaijua."

"Naijua kuliko wewe." Hakuwa amekasirika, alizungumza kama anayenieleza namna ya kupika wali. "Nimesali adhuhuri yangu kwa vumbi, nikamaliza, nikamwona mwanangu. Nikienda huko na sala zilizotimia, naye ameketi na zile nilizomharibia mimi, nitamtazama vipi? Kama zake zimerudishwa, na zangu zirudishwe. Kama zake zimepokelewa, basi na zangu zitapokelewa, kwa kuwa mchanga ni mmoja. Sitaki kupimwa kwa kibaba kingine."

Nilimwambia nitamwita imamu. Akasema nimwite, atamsikiliza, na bado atautaka mchanga. Nilimwogopa Mungu, nikamhurumia yeye, na huruma ilikuwa karibu zaidi, imelala mbele yangu na miguu iliyopasuka.

Nilikwenda ufuoni jua la mchana likiwaka. Nilichota, nikaosha kwa maji ya mvua, nikaonja, nikaosha. Niliuanika juu ya bati la moto ukakauka upesi. Ungo niliutungua mimi, nikaugonga kama nilivyomwona akiugonga, na weusi ukanikatalia, nikautoa kwa vidole punje kwa punje. Sikuupepeta mpaka mwisho. Niliacha vumbi kidogo ndani yake, makusudi, kiasi cha kusihi, na sijutii hata leo. Nilisema moyoni, yeye atapata anachokitaka, na Mungu atapata sharti lake.

Nikamwekea. Alipiga viganja mara moja tu, na vumbi jembamba likapanda kwenye mwanga wa dirisha. Wote wawili tulilitazama likishuka.

"Una vumbi huu," alisema.

"Kidogo tu, Mama."

"Rudi ukaupepete, mwanangu. Wakati wa alasiri bado upo."

Nilitoka nao uani nikaupepeta. Nililia na kupepeta, mpaka hapakuwa na kitu cha kupeperushwa. Nikauingiza. Alipiga, hakuna kilichopanda. Akapangusa uso. Akapiga tena, akapangusa mikono polepole mpaka kwenye viwiko, kama alivyokuwa akifanya binti yake, akasali amelala. Alipotoa salamu aliinua ile mikono iliyovimba.

"Ya Rabbi, sala za mwanangu na zangu, zipokee zote. Au zirudishe zote." Akanigeuzia uso. "Itikia."

Niliitikia amin, akaridhika, akafumba macho. Hakujua kwamba nilikuwa nimeitikia nusu ya kwanza tu.